Miguu Isiyolingana ya Wasichana wa Shauri Moyo

Karakana ya Vinyago,
Karibu na Soko la Burma, Nairobi.
9 Agosti 1984

Kwa Bwana Omolo,
Mwenyekiti, Kamati ya Michezo ya Mtaa.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: KUIFUNGIA TIMU YA WASICHANA KABLA YA JUMAPILI

Pokea salamu zangu, pamoja na za goti langu lililofungwa bandeji. Mimi ndiye Maingi, yule fundi wa vinyago uliyemkubali awe kocha wa wasichana kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Enzi zangu nilicheza mpira nusu saa, nikatolewa, na aliyenitoa hajanieleza sababu mpaka leo. Lakini jicho la ufundi ninalo, na ndilo linaloniletea taabu hizi.

Naomba kamati iifungie timu yangu isicheze mechi ya kombe Jumapili hii. Sababu ni hizi:

1. Miguu hailingani. Mwezi wa sita Aoko aliteguka kifundo, na wiki hiyo hiyo Nasike akachanika msuli wa paja. Wote hawakuguswa na mtu. Nikamwomba mke wangu, Ndanu, awapime wachezaji wote kumi na wanne mashavu ya miguu kwa ule uzi ninaopimia twiga wangu. Lo! Hakuna hata mmoja mwenye miguu pacha. Wengine miguu yao imezidiana upana wa kidole kizima.

2. Nilijaribu kurekebisha. Sisi mafundi, twiga wawili wa jozi wakikataa kufanana, tunampunguza yule mnene, maana mwembamba huwezi kumwongeza mti. Basi nikaamuru mguu wenye nguvu upumzishwe mwezi mzima, usipige mpira kabisa. Sasa kila msichana ana miguu miwili dhaifu, na timu ya Pumwani imetufunga saba bila.

3. Mtihani wa kuruka. Napendekeza Jumamosi kamati nzima ije uwanjani, kila mchezaji aruke kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Ukizidi mmoja kwa shibiri, asicheze. Nilitangulia mwenyewe kuonyesha mfano. Mruko wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto siukumbuki. Nilirudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa bucha, na pale Burma wateja waliuliza kilo ni ngapi.

4. Akina mama. Wanawatuma mabinti maji, na ndoo hubebwa mkono ule ule kutoka bombani hadi mlangoni. Naomba iandikwe sheria kwamba ndoo ihamishwe mkono kila baada ya nyumba tatu, na askari wa baraza la jiji wasimamie. Kuhusu Muumba sithubutu kulalamika, ila nikisema kama fundi, kazi ya jozi namna hii wateja wangu wangeirudisha.

5. Binti yangu Kavutha. Ana miaka kumi na mitano. Wiki iliyopita aligeuka na mpira vizuri tu, mwili ukaenda, goti likabaki. Nilimbeba hadi nyumbani. Tangu siku hiyo haongei nami. Namwona akilifunga goti kila asubuhi, na ninajua anajiandaa kwa Jumapili. Mimi hatanisikia, ila barua yenye mhuri wa kamati ataiheshimu. Naogopa, Bwana Mwenyekiti. Jumapili ziko nyingi, na mtoto ana magoti mawili tu.

Nisalimie wanakamati, mama watoto, na yule mzee wa filimbi ambaye nilimtukana mwezi uliopita kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Wako mwenye kuchechemea,
Maingi, fundi na kocha.

Baada ya kutia sahihi: Nilimpa Kavutha barua hii anisahihishie maandishi. Akaisoma mara mbili, akauliza mbona viatu sijavitaja. Ni kweli, sikuvitaja. Mwezi wa tatu msamaria mmoja alitupatia jozi saba za viatu vya mpira, na wachezaji ni kumi na wanne. Ili mtu asinung'unike, nikampa kila mmoja kiatu kimoja, na mguu wa pili ukavaa raba. Miezi mitano wamekimbia hivyo, mguu mmoja ukishika ardhi, mwingine ukiteleza. Usawa huo nilijisifia hadi kanisani.

Kavutha akasema, "Baba, tulikuja kwako na miguu iliyo sawa."

Kisha akaniambia na la goti. Kumbe hata Jumapili alishaamua zamani kutocheza. Goti linamuuma, na wiki nzima alikuwa akingoja nimuulize linamuumaje, nami nilikuwa napima watu kwa uzi. Kwa hiyo tafadhali usiifungie timu. Nifungie mimi. Wasichana wote watacheza wakiwa wamevaa raba miguu yote miwili, na mimi nitakaa nje ya mstari kando ya Kavutha, nimshikie barafu.