Mwenye Miwani Myeusi, Mubashara Kutoka Sindeni

Leo nimejivua nguo mbele ya wilaya mbili. (Nguo ninazo, tena sweta mbili. Baridi ya huku si ya mchezo.)

Mimi ni mtu wa Manundu, Korogwe, ila mwaka wa pili sasa niko Uturuki nasoma shahada ya pili. Televisheni ya nyumbani naiangalia kwenye kompyuta, kwa mtandao. Leo nilikuwa na sababu: mchumba wangu Rehema, afisa kilimo kule Handeni, alikuwa anahojiwa kwenye kipindi cha wakulima, mubashara kutoka Sindeni. Nikatoroka darasa. Nikapika chai. Nikakaa.

Lazima mjue jambo moja. Barua yangu ya posa iko kwao wiki ya tatu haijajibiwa. Mshenga kaambiwa jibu liko kwa mjomba wa Rehema, anakaa Kwaluguru, na kwa Wazigua mjomba asipotikisa kichwa kukubali, hakuna harusi. Huyo mjomba sijawahi kumwona. Mtu wa kawaida angesubiri. Mimi nilishaandika kwenye daftari sababu kumi na moja za kukataliwa.

Picha ikaja. Mtangazaji anaongea na mzee mmoja habari za mahindi. Nyuma yao, kwenye benchi, Rehema anasubiri zamu yake, kinasa sauti kidogo kimebanwa kwenye kola. Kapendeza! Pembeni yake kuna kijana. Miwani myeusi. Shati wazi vifungo viwili. Rehema akamtoa unyasi begani, wakacheka. Halafu nikaiona simu ya Rehema, ile yenye kava la njano, imo kwenye mfuko wa shati la yule kijana.

Mfuko wa shati! Upande wa moyo!

Nikapiga. Akapokea mara moja.

"Haloo! Unaniona?"

Nikatazama picha. Simu bado imo mfukoni. Rehema kafumba mdomo.

"Rehema, uko wapi?"

"Si hapa Sindeni! Ngoja niweke sauti kubwa, jenereta linapiga kelele."

"Unanidanganya. Nakuona huna simu mkononi."

"Ninayo mkononi, jamani! Umekula leo?"

(Mwenye akili hapa angejiuliza kuhusu mtandao. Mimi niliwaza: ama ana simu mbili, ama wamerudia kipindi cha wiki iliyopita ili kunizuga mimi.)

"Na huyo mhuni wa miwani ni nani? Kaacha kifua wazi kama anauza dawa ya meno mnadani! Mwambie una mwenyewe, na posa imeshafika!"

Kisha sauti nzito:

"Mhuni anaongea."

"Wewe nani?"

"Mjomba wake. Wa Kwaluguru."

Kumbe ni kitinda mimba wa bibi yake Rehema, kanizidi miaka mitatu tu! Mimi nilikuwa nasubiri mtu mwenye mvi na bakora.

"Shi... shikamoo, mjomba."

"Hiyo iweke kwanza. Nitaipokea baadaye."

Nikakata simu. Nikajifariji: tumesikia watu watatu tu, yatakwisha. Mara ujumbe wa dada yangu, yuko sebuleni Manundu na baba: "Kaka, mbona sauti yako iko kwenye TV? Baba katoka nje."

Sauti gani? Nikatazama picha. Ndipo mfuko wa yule kijana ukaanza kuita. Akaitoa simu, akampa Rehema.

Jamani! Matangazo ya mtandaoni yanachelewa. Kwangu mimi, dakika mbili nzima. Aibu ilishatokea Sindeni, ikapita Korogwe, na sasa ilikuwa njiani kuja kwangu, nami nimekaa naingoja na kikombe mkononi.

Rehema akasema haloo. Akaweka sauti kubwa, karibu kabisa na kile kinasa sauti. Ikatoka sauti yangu, nyembamba kuliko nilivyodhani siku zote. Mzee wa mahindi akakatiza maneno. Kamera ikageuka. Nilipofika kwenye dawa ya meno, bibi mmoja akajifunika kanga usoni, mabega yakitikisika. Nikajipigia kelele, "Kata simu wewe!" Sikujisikiliza.

Mtangazaji hakuwa na huruma. "Mjomba, kwani hiyo posa mmeijibu?"

Mjomba akavua miwani. "Jibu lilikuwa ndiyo. Nimekuja leo kumwambia Rehema. Sasa limeongezeka kidogo. Mshenga apumzike. Aje mwenyewe anilimie ekari moja ya mahindi, kwa jembe la mkono. Mimi nitakaa pembeni na miwani yangu, namtazama."

Umati ukapiga makofi. Na Rehema akapiga!

Jioni kanitumia ujumbe: "Gauni langu halina mfuko. Mjomba alinishikia simu. Kajifunze kushika jembe."

Kwa hiyo ndugu zangu, msicheke. Ekari moja ina palizi mbili, na majina ya wanaocheka nayaandika.