Jino Namba 17

Jumatatu, 3 Machi

Waraka mwingine kutoka Bima. Kurasa tisa, kwa watoa huduma wote wa meno. Nimeuweka chini ya birika, unanyonya maji vizuri. Shemeji, mdogo wake mke wangu anayekaa mapokezi, anasema kuanzia leo meno yanahesabiwa upya. Si moja hadi thelathini na mbili tena. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni jino lenyewe, moja hadi nane kuanzia mbele. Nimemwambia jino ni jino. Miaka ishirini na mbili naanza juu kulia, nazunguka hadi chini kulia, na hakuna mgonjwa aliyepotea njiani.

Ng'ambo ya korido, Bwana Waraka, ndivyo ninavyomwita daktari jirani, ameubandika wake ukutani. Nilimfundisha kushika koleo huyo, leo ana kliniki yenye kibao kikubwa kuliko changu. Roho inaniuma. Jino pia, gego la mwisho chini kushoto. Namba 17.

Jumatano, 5 Machi

Bima wamerudisha fomu zangu. Eti nimeziba jino namba 19, na jino hilo halipo katika kinywa cha binadamu. Wanauliza, kwa heshima zote, kama mgonjwa ni binadamu. Dharau!

Kubwa zaidi ni la mwalimu mstaafu. Nilimng'oa gego, nikaandika 32. Kwa hesabu yao hilo ni jino la mbele. Kesho mkaguzi anakuja kumtazama mdomoni. Akilikuta lipo, watasema nimedanganya, watanitoa kwenye orodha yao. Karibu wagonjwa wangu wote huja na kadi ya Bima. Watavuka korido tu.

Shemeji anashauri niandike mistari miwili, nikiri kwamba nimetumia hesabu ya zamani. Nikiri! Mimi nina mpango. Nimempigia mwalimu, nimemwomba kesho awe amevimba shavu na mdomo usifunguke. Pamba nitatoa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Shavu lilikaa vizuri sana. Nilijivuna. Mkaguzi akamwuliza mwalimu jina lake. Mwalimu akaitoa pamba, akaishika mkononi, akasema hajawahi kumjibu mtu akiwa na kitu mdomoni na hataanza uzeeni. Kisha akatabasamu. Meno ya mbele yote, meupe pe. Akaeleza na pamba imetoka wapi.

Mkaguzi akasema kosa la namba lingesameheka. La pamba, hapana. Kabla ya saa sita jina langu lilikuwa limefutwa.

Alasiri nilikaa peke yangu kwenye kiti cha wagonjwa. Niliona uchungu kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna aliyegonga mlango. Gego linapwita hadi sikioni, na mtu hawezi kujing'oa mwenyewe, nimejaribu. Nikavuka korido. Aliyenipokea ni Shemeji, kahamia huko tangu Ijumaa. Akanisukumia fomu bila kunitazama. Jino gani? Nikaandika 17.

Bwana Waraka aliniita bosi, akanilaza, akagonga jino la juu kulia, la pili kutoka mwisho. Kwao 17 ndilo hilo. Zima kabisa. Akaniuliza, kwa upole unaokera, kama nina hakika, maana yeye haoni ubovu. Akataka kupiga picha. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, akingoja.

Niseme nimekosea namba, mbele ya hao wawili? Nikamwambia aache picha, ang'oe, hilo hilo ndilo linaloniua.

Jumanne, 11 Machi

Limetoka bila maumivu. Mkono mwepesi, nilimfundisha mimi. La chini bado linapwita, sasa sina upande wa kutafunia.

Asubuhi nimewaandikia Bima barua kali. Daktari wao ameng'oa jino zima la mtu, wamfute leo hii. Na jino lenyewe nimelitaja wazi, wasije wakasingizia kwamba hawakunielewa. Namba 2.