Uzinduzi wa Mpango wa Kuwatambua Wadudu Walao Mbao

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa mke wangu, viongozi mlioketi kwenye viti vyenye mito, na ninyi ndugu zangu vibarua wa kambi hii mliosimama juani kwa hiari ya msimamizi wenu, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Msimamizi anaangalia nani hapigi.)

Ninayo furaha isiyo na kifani kuzindua Mpango Shirikishi wa Kimkakati wa Kuwatambua Wadudu Walao Mbao Majumbani, ambao, baada ya upembuzi yakinifu, semina tisa na ziara ya mafunzo katika hoteli ya vioo vitupu, umebaini kwamba asilimia mia moja ya wadudu walao mbao hula mbao. (Makofi. Mmoja anacheka, anakanyagwa mguu.)

Data zinaonyesha kuna mchwa, anayejenga vijia vya udongo ukutani, na kuna dumuzi, anayetoboa matundu na kuacha unga sakafuni. Haya nilielezwa na fundi seremala wenu, lakini kwa kuwa hana cheti, tuliyathibitisha upya kitaalamu. (Seremala anatazama viatu vyake.) Timu yangu ilipita chumba kwa chumba isione kijia wala tundu, maana kwa heshima ya ujio wangu kambi nzima ilipakwa rangi juzi, na hivyo wadudu wamepungua kwa asilimia tisini na nane kabla mpango haujaanza. (Vigelegele kutoka viti vyenye mito.)

Naona mkono. Sema, mama mpishi.

("Mheshimiwa mwanangu, boriti iliyo juu ya kitanda changu ukiigonga inalia kama debe tupu. Nina wajukuu watatu mle. Tulale ndani, au tutoke?")

Swali zuri sana, mama. Litaundiwa kikosi kazi, nacho kitateua kamati ndogo, itakayokuja kuigonga boriti hiyo kwa mujibu wa mwongozo. Kwa sasa endeleeni kulala, ila kimkakati, miguu ikielekea mlangoni. (Kicheko. Mama mpishi hacheki.)

Tuitikiane: Mdudu! (Tumemtambua!) Mbao! (Zimepona!)

Mwisho, shukrani. Nawashukuru wataalamu sita wenye makoti meupe. Makoti yarudi buchani kabla ya saa kumi, nanyi mrudi kuosha magari yangu. Nashukuru kwa bango, ambalo upande wa pili bado ni la mpango wetu wa mbu, nao ulifana hivi hivi. Na kwa namna ya pekee namshukuru mama mpishi, ambaye asubuhi hii, akiwa jikoni, alituchangia bila kujua nguzo ya katikati ya chumba chake, maana ndiyo pekee kambini iliyolia kama mti mzima tulipoigonga, na jukwaa la mtu wa uzito wangu haliwezi kusimama juu ya ubahatishaji. (Mama mpishi anavua kanga ya kiunoni, anaikunja begani. Vibarua wanasogea. Seremala anaingia uvunguni mwa jukwaa na nyundo.)

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Fundi, huo msumari unaung'olea nini? Fundi, ngoja basi niteremke.