Sekunde Tano za Kumsubiri Mkalimani

Jumatatu, 2 Juni. Bunda.
Nafasi ipo. Kituo cha ufundi kinataka mwalimu wa kompyuta, mmoja tu. Ijumaa tunaonyesha somo mbele ya kamati. Tuko wawili, mimi na Matrida wa Guta. Mimi nimejifunza mwenyewe, miaka miwili, kwa simu. Cheti sina. Nikikosa hii narudi Bukima kuanika dagaa kwa shangazi, na alivyonimisi hataniachia tena.

Somo langu zuri sana. Unafungua edita, yaani programu ya kuandikia. Yenyewe inamwamsha mkalimani, yaani programu inayosoma amri zako na kuzitekeleza. Edita inamtumia mstari wa kwanza, kompyuta inaandika: Karibuni Bunda. Shida moja tu. Haiandiki. Mstari wa kwanza unapotea, wa pili unapokelewa vizuri kabisa. Nimezima na kuwasha mara thelathini. Ishirini na sita, kimya.

Jumanne, 3 Juni.
Nimejua! Mkalimani anachelewa kuamka. Edita inamtumia mstari yeye bado anavaa suruali. Nimeiambia edita isubiri sekunde tano. Mara kumi kati ya kumi imekubali. Nilikuwaga na wasiwasi kama mimi ni mtaalamu kweli. Umeisha.

Matrida akapita, akauliza hizo tano nimezitoa wapi. Nikamwambia uzoefu. Akasema haya, mtaalamu. Yeye yuko na daftari tangu asubuhi, kompyuta hajaigusa. Nikamhurumia.

Jumatano, 4 Juni.
Tumejaribu kwenye kompyuta ya kituo, ile ya Ijumaa. Imenizidi umri. Sekunde tano, kimya. Kumi, kimya. Arobaini, ikaandika. Sasa kamati itakaa sekunde arobaini inaangalia nini? Uso wangu?

Nikafikiri mpaka nikasahau kula. Jibu: sala. Hapa hakunaga kikao bila sala, na anayefungua ni Mzee Mseti, mwenyekiti wa kamati. Leo kafungua kikao cha wazazi, nikampima kwa simu. Dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Kaombea mpaka pamba, kaombea na ng'ombe wa jirani. Basi nitawasha edita watu wakifumba macho. Wakisema amina, wanakuta Karibuni Bunda iko kwenye kioo.

Alhamisi, 5 Juni.
Matrida kamaliza. Nimeenda kuchungulia. Sawa, kuiba. Hakuficha kitu, akanivutia kiti.

Hana sekunde hata moja mle. Mkalimani akishaamka anaandika alama yake ya kusema yuko tayari. Edita inakaa inaisubiri hiyo alama, ikiiona ndipo inatuma. Kompyuta ikiwa na mbio inasubiri kidogo, ikiwa ya kizee inasubiri sana. Akaniuliza: "Kaka Gody, we ukipiga hodi kwa mtu unahesabu mpaka tano unaingia? Si unasubiri aseme karibu?"

Nikageukia programu yake. Mistari minne tu. Nimeirudia kuisoma mpaka macho yakauma. Nzuri mpaka nimekasirika. Akasema nichukue, niweke kwangu. Nikakataa. Mimi nina Mzee Mseti.

Ijumaa, 6 Juni.
Mzee Mseti ana mafua. Sauti hakuna. Akanong'ona kila mtu aombe kimoyomoyo. Amina. Sekunde tisa, nimezihesabu zote.

Kompyuta kimya. Mzee akasema endelea kijana. Nikasema tuanze na utambulisho. Mama mmoja akajibu wanajuana tangu wakiwa darasa la pili, nani ajitambulishe kwa nani. Mwalimu Bernado, mkuu wa kituo, akaingia chini ya meza kuangalia kama waya umechomoka. Akauchomoa yeye.

Akaja Matrida, kompyuta ileile. Akawaambia wala msiwe na haraka, inamsubiri mkalimani. Wakasubiri. Ikaandika. Mzee akataka izimwe iwashwe tena. Ikaandika. Na mara ya tatu. Nikajikuta napiga makofi kabla ya kamati. Sikupanga, mikono ilienda yenyewe.

Kazi kapata Matrida. Halafu akaiomba kamati nibaki msaidizi wake kwa majaribio ya wiki moja, kwamba huyu ana moto, anahitaji tu kushikwa mkono. Ningekuwa mimi ningemrudisha Guta siku hiyohiyo.

Jumatatu, 9 Juni. Butiama.
Kazi yangu ya kwanza: kuweka programu ya Matrida kwenye kompyuta kumi na mbili za darasa jipya la kituo huku Butiama. Yeye na kamati wanakuja mchana. Nimeiweka vilevile, sikugusa hata nukta. Zote kumi na mbili zimefanya kazi. Fundi yule, namheshimu.

Ila zinasubiri. Kila moja nusu dakika, mimi nimeshika shavu. Ndipo nikaona kitu ambacho hata Matrida hakukiona. Edita haimsubiri mkalimani, inasubiri alama tu. Basi nimeagiza alama itoke mwanzo kabisa, kabla mkalimani hajaamka. Edita inaiona hapohapo, inatuma, hakuna anayesubiri mtu. Nimebadilisha zote kumi na mbili.

Nasikia gari la kamati linaingia. Sijajaribu bado, lakini haina haja.