Nyumba ya Wawi na Mikarafuu Saba

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Kiinua mgongo kimeingia! Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto wa watu ramani ya dunia, na leo ndiyo mara ya kwanza nachagua mwenyewe pa kukaa. Na nichague upesi. Shemeji yangu Moosa, mwenye nyumba tunayokaa, anamwoza bintiye mwisho wa mwezi na vyumba vyake anavitaka. Kasema kwa adabu kabisa. Mara nne.

Dalali Safari ana nyumba mbili, bei zake hazipishani sana. Ya kwanza iko hapa Pemba, Chake Chake mjini, ghorofani, karibu na soko. Ya pili iko Wawi, pale pale ubavuni mwa mji, dakika kumi kwa pikipiki. Nyumba ya chini, ua mpana, kisima, na mikarafuu saba. Saba! Nimeihesabu mara mbili.

Mke wangu Fakhriya anataka mjini. Anasema mjini kuna hospitali, kuna soko, kuna dada yake Jawaher, na kuna watu. Wawi anahofia atabaki kuzungumza na kuku.

Mimi nataka Wawi. Babu yangu alikuwa na shamba la mikarafuu, akisimama mwisho huu haoni mwisho ule. Zikaja zama nyingine, shamba likaenda. Baba hakurithi hata kijiti. Nimefika miaka sitini na sijapata kuchuma karafuu hata moja nikasema hii yangu. Haya sijamwambia mtu. Hata Fakhriya simwambii, maana ukishamwonyesha mtu unachokitaka, umekwisha.

Mpango ninao. Nitausifu mji mpaka umtoke puani.

Jumapili, 3 Agosti

Tumekwenda kuiona nyumba ya mjini. Ngazi ishirini na mbili. Goti langu lilianza kulia kwenye ya tisa, mimi nikasema mazoezi mazuri haya. Chini kuna fundi wa kuchomelea mageti. Nikasema sauti ya chuma inachangamsha nyumba. Dirisha la chumbani limekabiliana na dirisha la jirani, mnaweza kupeana chumvi. Nikasema huo ndio ujirani. Maji, kasema Safari, hupanda yakipenda. Nikasema hata mvua ni hivyo hivyo.

Fakhriya alinitazama tu, macho yamelegea. Anaichukia! Nimerudi nyumbani nimekula sahani mbili za pweza wa nazi.

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa.

Fakhriya kanimiminia chai, akakaa mbele yangu, akasema kafikiri. Alikuwa keshaanza kuegemea upande wa Wawi, kwa ajili ya goti langu. Lakini jana kaniona napanda ngazi huku nacheka. Tangu tuoane hajanisikia nikisifu kitu namna ile, hata harusi yetu. Basi kanihurumia. Tuchukue ya mjini, Baba Arwa, ufurahi. Keshampigia simu Jawaher, na Jawaher keshachagua rangi ya mapazia.

Nimesema ahsante. Ningesema nini?

Mume mwingine angemweleza mkewe ukweli hapo hapo. Lakini ukweli una wakati wake, na wa huu ulikuwa Jumamosi. Sasa ungeniaibisha. Iliyobaki ni njia moja: nyumba ya mjini inunuliwe na mtu mwingine, tena haraka, nami nikose kwa majonzi, nijikokote Wawi kama mtu asiye na la kufanya.

Mtu mwenyewe ninaye. Jabir! Tulifundisha shule moja, yeye hesabu. Nikinunua baiskeli, naye hununua baiskeli. Nilipompeleka mwanetu Arwa chuo Unguja, yeye akapeleka wawili. Jabir hajui anachotaka mpaka anione mimi nakitaka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemkuta Jabir barazani kwenye kahawa. Nikakaa karibu, nikashusha sauti, nikamwomba asimwambie mtu. Nikaisifia nyumba ya mjini kama ninavyoweza. Upepo wa juu, soko chini ya miguu, ngazi imara.

Jabir alisikiliza, akapuliza kahawa yake. Akauliza ile nyingine ikoje, ya Wawi. Nikamwambia aachane nayo, imeliwa na mchwa mpaka paa. Akauliza kama kuna miti. Nikamwambia iko iko tu, mikarafuu, saba.

Akasema ajabu, mtu asiyejali miti huwa hajui idadi yake. Hawa watu wa hesabu wana maneno. Kisha akalipia kahawa yangu na yake, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu nimjue. Nimeichukulia kuwa dalili njema. Mtego umefyatuka!

Alhamisi, 7 Agosti

Safari kanipigia simu asubuhi. Nyumba ya mjini hakuna aliyeiulizia. Ya Wawi, mwalimu mmoja mstaafu alifika jana, akakaa uani muda mrefu anatazama juu.

Sikumaliza chai. Nikachukua pikipiki mpaka Wawi, goti na vyote. Mwenye nyumba ni Bi Asya, mjane, anahamia Wete kwa mwanawe. Kanipokea vizuri, kanikaribisha kwa mihogo ya kuchemsha, kaniuliza hali ya kila mtu ninayemjua na wengine nisiowajua. Nilitaka kumuuliza habari za Jabir, nikajizuia. Utulivu, Hamzah. Usionyeshe njaa.

Tukaelewana bei ya nyumba. Bi Asya akauliza, na mikarafuu je, mwanangu? Hapo ndipo mtu mjinga angeruka. Mimi nikacheka. Nikamwambia mimi mtu wa ramani, mikarafuu ya nini? Ikiwepo, isiwepo, kwangu yote sawa.

Alishusha pumzi. Akasema, "Kumbe weye mwepesi hivi! Na mie nikihofia utanibana." Akapunguza bei palepale. Akapunguza! Nilikaribia kujipigia makofi.

Sheha, mkuu wa mtaa, akaitwa, akaandika karatasi, mashahidi wawili wakatia mikono yao. Akanisomea upesi upesi, mimi nikiitikia ndiyo, ndiyo, jicho langu liko kwenye mkarafuu wa langoni. Nikatia saini bila ya kuvaa miwani. Mtu akivaa miwani huonekana ana hamu.

Nina nyumba Wawi. Fakhriya hajui. Nitamwambia kesho baada ya sala, siku ya baraka.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikumwambia.

Tumetoka msikitini, Jabir kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hongera, jirani. Nikauliza jirani vipi, yeye si anakaa Madungu, kule mjini? Akasema kweli, jirani si neno lake, sisi sasa ni zaidi ya majirani. Kanunua mikarafuu saba ya Bi Asya. Nyumba hakuitaka, kwani mimi mwenyewe nilimwambia ina mchwa. Alimpa Bi Asya neno juzi kuhusu miti, na Bi Asya akamwomba asubiri, huenda mwenye kununua nyumba akaitaka. Jana jioni kamwita. Kamwambia bwana wa nyumba kasema miti haimhusu.

Nimerudi nyumbani mbio, nimevaa miwani, nimeisoma karatasi. Nyumba, kisima na ardhi, bila ya miti iliyo juu yake. Maandishi mazuri kabisa ya sheha, yanasomeka hata na kipofu.

Na mimi ni Mpemba! Kitovu changu kimezikwa hapa! Mtoto mdogo wa kisiwa hiki anajua kuwa ardhi huweza kuwa ya huyu na mti wa yule. Nimelifundisha hilo darasani kila mwaka, kidato cha pili, na maswali yake nikatunga mwenyewe.

Sasa udongo wangu, miti ya Jabir. Mizizi inakunywa kwangu, karafuu zinakwenda kwake. Kila msimu ana haki ya kuingia uani kwangu na watu wake, kuchuma na kutoka. Kivuli, kasema, nitumie tu, hataniuliza.

Nimelala mchana kutwa. Nilijisikia mtoto aliyenyang'anywa mkate. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwambia Fakhriya. Sikupanga. Alikuwa jikoni anakaanga samaki, akasema Jawaher keshanunua kitambaa cha mapazia, na mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema yote kwa mpigo mmoja. Ngazi, goti, Jabir, mchwa wa uongo, sheha, miwani. Hata habari za babu nikazisema, na hapo sauti ilinikatika kidogo, nikasingizia moshi.

Fakhriya akageuza samaki. Akageuza tena. Mimi nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyekuja bila ya daftari.

Kisha kauliza swali moja tu. Hao wachumaji wa Jabir watakuwa wangapi?

Nikamwambia kwa uchungu kabisa, wachumaji watano au sita, na wanawake wa kuchambua labda kumi, kutwa uani kwetu, kwa wiki nzima au mbili, kelele, vicheko, majamvi ya karafuu kila mahali, hatutapata pa kuweka mguu.

Fakhriya kazima jiko. Kaanza kucheka, kacheka mpaka kakaa chini juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Kasema miaka yote hii nilidhani yeye anataka mji. Mji wa nini? Yeye anataka watu. Mtu mmoja angemwambia tangu mwanzo kuwa Wawi kuna uchambuzi wa karafuu uani, angefunga mizigo Jumamosi ile ile.

Kisha kanikaripia, na kwa haki. Kasema nikihitaji kitu niseme, yeye si mpelelezi. Nikaapa. Tukala samaki waliobabuka upande mmoja, na walikuwa watamu.

Jawaher kakasirika kuhusu kitambaa. Madirisha ya Wawi ni mafupi.

Jumapili, 24 Agosti

Tumeshahamia, siku tano sasa. Moosa kaja kutusaidia kubeba makabati kwa bidii ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake.

Leo kumechumwa. Jabir kaja asubuhi na watu wake, kamba, makanda ya kutilia karafuu, majamvi. Nilijiandaa kununa. Nilikaa kibarazani na gazeti, sura nimeikunja. Lakini ua ulijaa! Wanawake wamekaa duara, wanatenga karafuu na makonyo, vijiti vyake, na katikati yao mke wangu, kafunga kanga kiunoni, kasimamia mazungumzo. Bi Moza wa nyumba ya pili kaleta chapati. Kufika adhuhuri Fakhriya keshajua nani kaposwa, nani kaachwa, na mbuzi wa nani kala shuka ya nani. Mjini ingemchukua mwaka.

Harufu ya karafuu mbichi imeingia mpaka kwenye mito. Nilisahau kununa. Walipokwenda kuswali nikainuka, nikasimama chini ya mkarafuu wa langoni, nikaweka kiganja kwenye gome. Nikaweka tu. Nikakumbuka nilivyokuwa nikibebwa mabegani na baba, tukipita njiani, akinionyesha kwa mbali miti iliyokuwa yao.

Si wangu huu. Lakini uko kwangu. Ukiniuliza leo, nitakuambia nimeridhika. Maji ya kisima baridi, goti limetulia, mke anacheka. Alhamdulillahi.

Jumanne, 26 Agosti

Siku kubwa! Andika vizuri, Hamzah.

Jabir kaja peke yake, kakaa kibarazani, kakataa chai, kisha kakubali. Kasema juzi alirudi kuchukua kanda lake akaniona nimeshika mti wa langoni. Hakutaka kunishtua, akaondoka. Kasema yeye miti sita inamtosha, mgongo wake nao una habari zake. Kwa hiyo kama moyo wangu uko kwenye huo mmoja niseme tu, atanipa kwa bei ile ile aliyonunulia, maana tumekula chaki pamoja. Kama siutaki atampa mwingine, ana shida ya pesa za bati.

Mkarafuu wangu! Mmoja, lakini wangu!

Jikoni Fakhriya kakohoa. Kakohoa tena. Kisha kagonga mwiko kwenye chungu mara tatu.

Nikajizuia vizuri kabisa. Nikautazama mti pole pole, nikatikisa kichwa. Nikamwambia umepinda. Nikamwambia tawi la juu silipendi. Nikamwambia nitaufikiria, sina haraka. Jabir akasema haya, mwalimu, akanywa chai yake akaondoka.

Fakhriya katoka na mwiko mkononi, kanitazama, karudi ndani. Nadhani kavutiwa.

Namwacha Jabir apoe mpaka Ijumaa. Atarudi mwenyewe, na bei itakuwa imeshuka.

Alasiri kapita dalali Safari. Kasikia Jabir anauza mti mmoja, mkwewe anatafuta wa kununua, akauliza ni upi. Nikamwonyesha kwa kidole, nikamwelekeza na njia ya mkato ya kwa Jabir. Kaondoka na pikipiki yake kwa kasi, hata hakuaga vizuri. Watu wa mjini wana haraka sana. Sisi wa Wawi tunajua kusubiri.