Leva Tatu za Baleni

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mashine ya Irfan bado iko hapa Baleni, inapasua mbao za minazi iliyozeeka. Ina leva tatu. Moja inasimamisha vizuizi ili gogo lisipitilize. Nyingine inanyanyua mikono ya chuma inayopandisha gogo. Ya mwisho inaendesha kucha la chuma la kuligeuza. Gogo zima linapanda kama mtoto anayepakatwa! Na anayezishika leva ni nani? Shaibu. Watu wanakuja kumtazama, wanamwita fundi. Mimi nabeba mabanzi, yale masalio ya mbao. Wananiita "wewe."

Mke wangu Mwanamkuu yuko kwao Kirongwe tangu ule mradi wangu wa kufuga kaa chumbani. Alisema atarudi nikitulia. Nimetulia mno. Jana nimemsabahi paka wa jirani. Hakuitikia.

Mpango: nizishike leva. Mke wa opereta hakai kwa mama yake.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimechomeka miiko mitatu ya kupikia uani iwe leva, nikafanya mazoezi. Vuta, sukuma, geuza. Bi Mize wa jirani kachungulia. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akauliza nimepanda nini. Nikasema mihogo. Akaniombea mvua.

Kazini Shaibu kaniona nazikodolea macho leva. Kasema nisimame karibu naye, atanifundisha taratibu. Vizuizi kwanza, ndipo mikono. Tena kanialika nikale kwake, mkewe kapika samaki wa nazi. Mtego! Nani anagawa cheo bure? Nimekataa yote mawili. Nimekula mkate mkavu peke yangu. Mkate una heshima yake.

Jumatano, 5 Juni

Nimemtumia Mwanamkuu ujumbe wa sauti: aje kesho, amwone opereta mpya. Nimeurekodi mara nyingi. Kajibu atakuja. Atakuja!

Jioni nimemwambia Shaibu kwamba Irfan anamhitaji kesho asubuhi dukani kwake Kilindoni, jambo la haraka. Kanishukuru kwa kumfikishia habari. Mtu mjinga sana.

Alhamisi, 6 Juni

Shaibu kaondoka na pikipiki. Nikawaambia wenzangu ameniachia mashine. Wakatazamana. Mwanamkuu kafika, kajifunga kanga mpya, kasimama kando na mwavuli.

Nikavuta leva. Mikono ikanyanyuka, gogo likapanda. Mwanamkuu akatabasamu! Nikamgeukia nione kama anaendelea kutabasamu. Nikaendelea kuvuta. Vizuizi nilivisahau. Gogo likapita juu ya mashine kama msafiri aliyepitilizwa kituo, likaangukia upande wa pili, likachana bomba la mafuta. Mafuta yakaruka juu! Aliyeumia hakuna. Ila kanga.

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwanamkuu hakucheka. Alijifuta uso, akanisogelea, akasema polepole, "Kombo, ningekuja hata kukuona ukibeba mabanzi. Hukuniita hata siku moja."

Kisha akapanda bodaboda akarudi Kirongwe. Nilipunga mkono. Sidhani kama aliona.

Ijumaa, 7 Juni

Jana kule dukani Irfan kashangaa, hakumwita mtu. Nilijua leo nitafukuzwa. Kumbe Shaibu kamwambia lile bomba lilikuwa limechakaa, lingepasuka tu. Kalibadilisha mwenyewe. Baada ya swala ya Ijumaa kanifuata nje ya msikiti, kanishika bega, kasema ndugu yangu, upweke ni maradhi, njoo ule.

Nimetafakari sana maneno yale. Ni wazi: ananiogopa. Sikuenda.

Jumamosi, 8 Juni

Habari kubwa! Kirongwe inaletwa mashine ya kubangua korosho. Hakuna anayeijua. Mimi pia siijui, ila hilo halijulikani. Nimempigia simu mwenye mashine, nikamwambia nina uzoefu wa miaka mingi wa mitambo.

Adhuhuri Mwanamkuu kanipigia. Kasema mafuta hayatoki kwenye kanga yake, lakini kanga ni kanga. Tena leo mama yake amepika wali, niende hivi hivi nilivyo, nisilete mashine wala cheo, tukae tuzungumze. Sauti yake ilikuwa laini kama zamani.

Akili nyingi yule mwanamke! Anataka kunipima kama nitakubali kwenda bila cheo. Nimemwambia asubiri kwanza, niko kwenye mipango mikubwa.

Akakata simu. Amevutiwa.