Picha za Santa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kompyuta imegoma. Nimebonyeza kitufe, feni ikazunguka, ikalia mara tatu, skrini ikabaki nyeusi. Nimeipiga ubavuni kama tulivyozoea kituoni nilipokuwa karani wa polisi. Haikujali cheo changu. Humo ndani zimo picha zote za marehemu mke wangu, Santa. Ndiye aliyeichagua, mwaka 2006, akaishonea kifuniko cha kitambaa cha maua. Jumamosi binti yetu Aryemo anakuja kutoka Gulu kuziona. Nimemwahidi.

Jumanne, 4 Machi
Wanyama, jirani Mkenya wa ghorofa ya juu hapa Bugolobi, Kampala, anajua kompyuta. Sitamwomba. Alinishinda uenyekiti wa jengo kwa kura moja, siku niliyosahau miwani. Nimebuni mbinu. Nimemwalika chai, nikamweleza habari za rafiki yangu wa Kabalagala mwenye kompyuta inayolia mara tatu. Akasema huyo rafiki achomoe vibao vya kumbukumbu, vile vya RAM, avisugue kwa raba ya kufutia penseli, avirudishe. Akaitazama kompyuta iliyo mezani kwangu. Akanywa chai.

Alhamisi, 6 Machi
Raba nimeipata kwenye droo ya Santa, chini ya nyimbo za kwaya kwa mwandiko wake. Alikuwa akizichapa kwa vidole viwili, akiimba kila neno analoliandika. Nimekaa na karatasi zile asubuhi nzima. Kisha nimesugua, nimerudisha vibao. Sasa hailii kabisa. Maendeleo, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi
Si maendeleo. Nimepanda ngazi, nikamwambia Wanyama kwamba rafiki wa Kabalagala anaomba msaada.
"Afande," akasema, "twende tukamtafute mama Aryemo."
Hakunicheka. Kibao kimoja nilikuwa nimekichomeka mshazari. Akakibonyeza mpaka kikakaa, skrini ikawaka. Santa huyo, anacheza arusini, viatu mkononi. Wanyama akanionya ninakili picha mahali pengine upesi, na nisifungue tena kompyuta yoyote.

Jumamosi, 8 Machi
Aryemo amelia, akacheka, akalia tena. Akauliza nani kaitengeneza. Nikasema mimi. Wanyama alikuwa amekaa palepale, sahani ya mboga za malakwang mapajani.
"Mzee wako ana mikono," akamwambia.
Nimempenda kidogo. Uenyekiti nitaugombea vilevile.

Jumanne, 11 Machi
Picha sijazinakili, sijapata nafasi. Nimebandika karatasi mlangoni: Fundi Kompyuta. Mteja wa kwanza ni Babra wa ghorofa ya chini, mwalimu. Kompyuta yake ni nzima, ila ni ya polepole. Nimeifungua, nimeitazama, nimeifunga vizuri sana. Skrubu nne zimebaki mezani. Kiwandani walizidisha.